Mayai Kumi na Manne ya Mama Wangoi

Saadia binti Abdelrahim alikuwa na mikono ya kuangua. Ndivyo walivyosema watu wa Toi, kijiji cha Wanubi pale Kibra, na mwenyewe hakukataa, maana unyenyekevu haukuwa ugonjwa wake. Ukimpa mayai kumi atakurudishia vifaranga tisa, na lile moja lililoharibika atakueleza liliharibika kwa nini, utake usitake. Wengine walikuwa na kuku. Saadia alikuwa na elimu ya kuku, na kwa elimu hiyo aliringa kweli kweli.

Elimu yenyewe aliirithi kwa haboba, yaani bibi mzaa mama, aliyetoka Sudani akimfuata mume askari, sufuria kichwani na tetea kwapani. Haboba alimfundisha hivi: "Mkono wa mwanamke umezoea moto wa jikoni, unadanganya. Yai liulize kwa jicho." Basi kila asubuhi, kuku aliposhuka kiotani kunywa maji, Saadia alichukua yai moja moja, akalishika kwa kiganja chote, akafumba jicho na kulibandika juu ya ukope, akatulia. Yai lenye uhai lina joto lake lenyewe. Lililokufa hupoa upesi. Akishapata jibu alilirudisha, upande uliokuwa chini sasa ukiwa juu. Alifanya hivyo tangu ana miaka tisa, na hakuna yai lililowahi kudhurika.

Sasa, mwaka ule wa arobaini na sita, vita vimekwisha na watu wanangoja askari wao, kideri kikaingia Kawangware.

Kideri, kama hujawahi kukiona, shukuru Mungu. Kuku anaamka mzima, saa sita shingo imepinda, jioni unamzika. Upande wa Gatina, huko huko, aliishi Wakarima, mama yake Wangoi, mjane wa Gerishon, Mkristo, mwenye kipande chake cha shamba na kuku arobaini na mmoja. Hawakuwa kuku wa hivi hivi. Marehemu Gerishon alikuwa mtunza kuku kwa mzungu mmoja, na mzungu alipohama alimwachia jogoo mwekundu wa kizungu, mkubwa, mzito, ukimbeba unatafuta pa kumtua. Jogoo huyo alipanda mitetea ya kienyeji, wakatoka kuku wa kahawia, wataga wasiojua likizo. Hao ndio waliomlisha Wakarima na watoto wake watatu tangu Gerishon alipokufa. Kideri kiliwamaliza kwa siku tano, jogoo akiwa wa kwanza.

Yakabaki mayai kumi na manne kwenye kiondo, ndani ya pumba, yaliyotagwa kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Wakarima aliyaleta mpaka barabara ya Ngong na hapo akasimama. Mwanamke huyo alikuwa na akili. Alijua miguu yake imekanyaga uchafu wa kuku wagonjwa, akaogopa kuuvusha upande wa Kibra. Aliweka kiondo katikati ya barabara, akarudi kando yake, akaita. Saadia akakimbia kukiokota kabla lori la jeshi halijakigeuza kimanda.

"Mama Hajara!" Wakarima alipaza sauti kutoka ng'ambo. "Hayo ndiyo yaliyobaki! Yakitoka hata manne, matano, nitavumilia. Nitalima viazi, niwangoje wakue. Yasipotoka, naenda kuchuma kahawa kwa mzungu kule Kiambu. Watoto watabaki na nyanya yao, na nyanya mwenyewe haoni vizuri."

"Yatatoka!" Saadia alijibu. "Kwani mimi ni nani? Yatatoka yote!"

Yote! Ungemziba mdomo siku ile ungemsaidia sana.

"Basi kila Ijumaa saa nne nitakuja hapa, uniambie."

"Kila Ijumaa, Mama Wangoi. Wallahi."

Na hakuwa akisema tu. Murjan, mume wa Saadia, alipochukuliwa na Keya, jeshi la Mwingereza, kwenda vitani, alimwacha na mtoto wao Hajara wa siku arobaini na nyumba isiyo na unga. Wakarima alikuwa akipita Toi na mzigo wa mboga mgongoni. Akamkuta binti wa watu amekaa mlangoni, jiko baridi, akafungua mzigo, akamwachia mboga na mitetea miwili aliyokuwa akiipeleka sokoni. Hata jina hakumuuliza. Kuku wote aliokuwa nao Saadia walitokana na hao wawili, na mazungumzo yote mazuri aliyokuwa nayo kwa miaka mitano aliyafanya na huyo mwanamke, kwa Kiswahili cha kila mmoja na makosa yake.

Jumamosi aliyaweka mayai chini ya tetea mmoja mkali aitwaye Sajini, aliyepewa cheo hicho kwa sababu hakuna kuku aliyethubutu kula kabla yake. Kiota kilikuwa pembeni mwa chumba cha nyuma, penye giza na utulivu. Sajini alikalia yote kumi na manne, akajitanua, akamtazama Saadia kama anayemwambia aondoke.

Jumatatu ikaja barua. Karani wa msikitini aliisoma mlangoni huku nusu ya Toi imesimama: Koplo Murjan yu hai, ametoka Burma, na watashuka stesheni ya Nairobi Ijumaa ya tatu kuanzia hapo. Vigelegele vikapigwa. Saadia alicheka, akalia, akacheka tena. Lakini aliyeshika usukani wa furaha hiyo alikuwa mama mkwe wake, Bi Kaltuma.

"Kuanzia kesho," Bi Kaltuma alisema, "unakaa dukhani."

Kwa Wanubi mke anayengoja mume haachwi akauke. Anachimbiwa kishimo jikoni, kinawekwa magogo yenye harufu, anakaa juu ya moshi amejifunika blanketi mpaka jasho linamtiririka. Akitoka hapo anapakwa mafuta ya simsim yaliyochemshwa na karafuu, kuanzia utosini hadi kwenye kucha za miguu, asubuhi na jioni, mpaka ngozi ing'ae na harufu imtangulie mlangoni. Anayeacha mafuta ni mwenye eda, mwanamke aliyefiwa. Bi Kaltuma hakuwa mtu wa mchezo katika hilo. Alikuwa amewazika wanawe wawili askari na akabakiwa na Murjan peke yake.

Basi ratiba ikawa hivyo. Alfajiri sala, baada ya sala moshi, baada ya moshi mafuta, na baada ya mafuta Saadia anakwenda chumba cha nyuma kuyauliza mayai kwa jicho. Hakuna aliyefikiri kitu. Utafikiri nini? Alikuwa akifanya kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Ijumaa ya kwanza alifunga mlango na dirisha la chumba, akawasha taa ya chemni, akaifunika kwa mkebe uliotobolewa tundu, akaweka yai moja moja mbele ya tundu hilo. Moja lilikuwa jeupe tupu, halina mbegu. Kumi na matatu yalikuwa na mishipa midogo myekundu na doa jeusi lililokuwa likichezacheza katikati. Saadia alikwenda barabarani akicheka njia nzima.

"Kumi na matatu!" alipaza.

Wakarima alifunika uso kwa leso yake. Mabega yalikuwa yakitikisika, na Saadia akajua analia, akafurahi zaidi.

Jumatatu yake, yai moja lilikuwa baridi ukopeni. Akalirudia. Baridi. Akachukua jingine, nalo vile vile. Akafunga mlango, akawasha taa. Mishipa imekatika, damu imejikusanya duara moja pembeni, hakuna kinachocheza. Mawili, kwa siku moja!

"Ala!" alisema peke yake. "Nini tena?"

Na hapo ndipo wasiwasi ulipomshika. Mtu mwingine angeyaacha mayai yapumzike. Saadia hakuweza. Alikuwa anakwenda asubuhi, anakwenda adhuhuri, anakwenda alasiri, anamsukuma Sajini pembeni huku anadonolewa mikono, anayashika yote, anayabandika jichoni, anayageuza, anayarudisha. Chakula kilimshinda. Akilala anahesabu. Jumatano likafa jingine. Alhamisi mawili. Kila alivyozidi kuyaangalia ndivyo yalivyozidi kufa, na kila yalivyozidi kufa ndivyo alivyozidi kuyaangalia.

Akaanza kutafuta mchawi. Kwanza alimshuku Sajini, kwamba anashuka mno. Akamkalia mlangoni siku nzima, akakuta kuku hana kosa. Kisha akashuku radi ya Jumanne. Kisha akamshuku jirani yake Fatna, aliyeingia chumbani siku ya tano na kusema, "Lo, kiota kimejaa!" bila kutaja jina la Mungu.

"Fatna," alimwambia uani, mbele za watu, "jicho lako ulilichukua wapi?"

"Kwa mama yangu," Fatna alijibu. "Na wewe adabu yako umeiacha wapi?"

Hawakusemezana kwa siku mbili.

Ijumaa ya pili yalibaki manane. Saadia alifika barabarani saa nne kamili. Wakarima alikuwa amefika kabla yake, amesimama wima, leso imekazwa kiunoni, akimsoma uso kutoka ng'ambo.

"Mama Hajara! Wanaendeleaje?"

Saadia alifungua mdomo kusema manane. Akaona vile yule mwanamke alivyojikaza.

"Wanaendelea!" alisema.

"Wote?"

Lori likapita. Vumbi lilipotulia Saadia akapunga mkono, akageuka, akaondoka upesi kama mtu aliyeacha chungu motoni. Alijichukia njia nzima hadi nyumbani.

Kesho yake lilikufa jingine, yakabaki saba. Akaamua ayatie alama, ajue lipi dhaifu na lipi zima. Akachukua kipande cha mkaa. Siku zote mkaa huandika kwenye ganda bila shida. Siku hiyo uliteleza. Akakandamiza, ukateleza tena, ukaacha ukungu mweusi usioshika. Akalipeleka yai mlangoni penye mwanga, akaliona linang'aa.

Bi Kaltuma alikuwa akipita na kikombe cha kahawa. Akalitazama.

"Mbona umeyapaka mafuta?" aliuliza. "Unayaweka ya safari?"

"Safari gani, Mama?"

"Sisi tulipokuwa tukifuata jeshi, mayai tuliyapaka mafuta kabla ya safari. Unaliziba yai, haliozi mwezi mzima. Linakuwa limekufa usingizini." Akapuliza kahawa yake. "Lakini haya si umeyaweka yatoke?"

Saadia alitazama viganja vyake. Vilikuwa vinametameta mpaka kwenye mikunjo ya vidole. Akagusa ukope wake, nao mafuta. Akakaa chini pale pale kizingitini, yai mkononi.

Hakuna mchawi. Hakuna radi. Ni yeye. Alikuwa ameyaziba pumzi kwa mikono yake, asubuhi, adhuhuri na alasiri, kwa mapenzi.

Aliyapangusa yale saba kwa kitambaa kilichotiwa jivu, polepole, akamrudishia Sajini. Akaapa kutoyagusa tena. Kutoyagusa kukawa adhabu mpya. Siku tatu alizunguka nyumba mikono imefungwa kwenye leso, anasimama nje ya mlango wa chumba cha nyuma, anasikiliza, anaondoka, anarudi. Aliwaza kumi na manne yamekuwa saba. Aliwaza watoto wa Wakarima wakipikiwa na bibi asiyeona. Alikwenda kwa Fatna, akamwomba radhi, na Fatna akamsamehe baada ya kumtukana kidogo.

Jumanne asubuhi Sajini alishuka kunywa maji, akatoka mpaka uani. Mbwa koko alikuwa amejilaza nyuma ya kuni. Saadia alisikia kelele moja tu. Alipofika, manyoya yalikuwa yametapakaa na mbwa anakimbilia msituni na kuku mdomoni.

Tulia kidogo uone alipokuwa. Siku ya kumi na saba kati ya ishirini na moja. Mayai yana nusu saa, labda saa, kabla ya kupoa. Na katika Toi nzima hakukuwa na tetea mwingine anayeatamia, kwa sababu habari ya kideri ilipofika, watu walichinja kuku wao wakawala kabla ugonjwa haujawala. Saadia mwenyewe alibaki na mitetea mitatu, na yote ilikuwa ikitaga, haina habari ya kukalia.

Lilibaki joto la mtu. Haboba aliwahi kumsimulia mwanamke aliyemalizia mayai tumboni mwake njiani, jeshi likiwa linatembea. Saadia aliwasha taa, akayatazama. Mawili yalikuwa yamekwisha. Matano yalikuwa hai, ndani kumejaa giza, na giza hilo linajongea. Matano! Lakini atayaweka tumboni lipi? Hili lililonyweshwa mafuta ya simsim siku kumi na tano?

Hakufikiri sana, maana angefikiri asingethubutu. Aliyafunika mayai kwa blanketi lililopashwa moto, akaenda uani, akachukua jivu la jikoni, sabuni ya kufulia na gunzi la hindi. Akajisugua. Alisugua tumbo, kifua, mikono, shingo, uso, akajimwagia maji ya moto, akasugua tena mpaka ngozi ikawa nyekundu, na ilipokauka ikawa ya kijivu, inapauka, imechanika vistari kama ya mtu aliyelala majivuni. Kisha akayafunga mayai matano tumboni, kwenye leso mbili, akakaa kitandani ameegemea ukuta.

Bi Kaltuma aliingia na kibakuli cha mafuta ya jioni. Akasimama. Kibakuli kikamponyoka.

"Unamkalia eda mwanangu?" Akamsogelea. "Mwanangu yuko njiani, hai, nawe unajivua mafuta?"

"Mama, nisikilize. Ni mayai ya Mama Wangoi. Kuku ameliwa na..."

"Mayai!"

"Siku nne tu, Mama. Yakitoka nitajipaka hata ndoo nzima."

"Ijumaa anashuka stesheni! Atapokewa na mjane! Saadia, unamwita mauti kwa mkono wako?" Akajipiga kifua, akatoka, na kuanzia hapo hakumsemesha. Chakula alimwekea mlangoni, akamgeuzia mgongo.

Na usidhani Saadia hakuogopa. Alilelewa katika hayo hayo. Kila alipotazama mkono wake mkavu aliuficha chini ya leso. Alijiambia ni mayai tu, ni ngozi tu, Mungu anajua nia. Kisha anajiuliza, na kama si hivyo? Alikaa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hawezi kuinama, hawezi kulala ubavu, anakojoa akiwa amesimamiwa na Fatna, mayai yakimchoma mbavu. Humo ndani aliyasikia yakigonga.

Alhamisi alimshika Fatna mkono. "Kesho saa nne, ukienda stesheni, pitia barabara ya Ngong kwanza. Mwambie Mama Wangoi siwezi kutembea. Mwambie yako matano, ninayo tumboni, asiondoke."

"Nitamwambia."

"Fatna, usisahau."

"Kwani mimi mtoto?"

Ijumaa Toi nzima ilitoka kwenda kupokea gari moshi, Hajara akiwa mkononi mwa Fatna. Ngoma, vigelegele, manukato, wanawake wanang'aa kuanzia kisigino. Saadia alibaki peke yake na mbuzi. Saa nane aliwasikia wakirudi. Vigelegele kwa nyumba ya tatu, kwa nyumba ya saba, kwa nyumba ya nyuma ya msikiti. Akangoja vya kwake. Mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Kaltuma peke yake, nguo zake mpya zimejaa vumbi.

"Hakuwemo," alisema. "Wameshuka wote. Mwanangu hakuwemo." Kisha, taratibu sana, "Umemuua."

Saadia alikumbatia tumbo lake, akalia bila sauti ili yasitikisike.

Fatna alikuja baadaye, ameduwaa, na Saadia akamuuliza swali moja tu. Fatna akashika kichwa.

"Weee! Saadia! Tulipotoka watu walikuwa wameanza kuimba, nikaingia kwenye msafara... Haki ya Mungu nilisahau."

Jumamosi asubuhi yai la kwanza lilitoboka. Hajara alikuwa kwa Fatna, na Bi Kaltuma amekwenda kwa karani kuulizia orodha ya waliokufa. Nyumba ilikuwa kimya, haina moshi wa udi, haina harufu ya karafuu. Mtu akaingia kwa mlango wa uani, viatu vizito, akapita jikoni, akasimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Sare ya kijani, mfuko begani, uso mwembamba kuliko ule aliouaga.

Murjan alimtazama mkewe: ngozi ya kijivu, nywele hazijasukwa, amekaa ukutani, machozi. Mfuko ukaanguka.

"Mama amekufa lini?" aliuliza.

Akaja kwa haraka na kupiga magoti, mikono mbele kumshika. Mikono hiyo ilikuwa imekabidhi bunduki asubuhi ile, ina mafuta meusi mpaka kwenye kucha.

"Usiniguse!" Saadia alipiga kelele.

Miaka mitano, na hilo ndilo neno la kwanza. Murjan alibaki mikono hewani. Saadia akaona usoni mwa mumewe jinsi neno hilo lilivyomchoma. Akafungua leso kidogo. Kutoka ndani, karibu na kitovu chake, kitu kikalia, chiu, chiu, chembamba, kikali.

"Mama yuko hai," Saadia alisema. "Sijafiwa. Ni kuku."

Yule askari akakaa chini sakafuni, akafunika uso kwa kiwiko ili asijipake mafuta, akacheka mpaka akalia. Alikuwa ameachwa nyuma na silaha za kikosi, akaja nazo kwa gari la usiku na kuzikabidhi asubuhi. Bi Kaltuma aliporudi na kumkuta, alimshika kichwa, akakipapasa, akakipapasa, akamlaani Saadia, akambusu Saadia, akaomba apewe kahawa.

Walitoka vifaranga wanne. Wa tano alitoboa ganda, akachoka.

Jumapili alfajiri Saadia aliwatia kifuani, maana hawakuwa na mama mwingine wa kuwapa joto, akatoka. Murjan, ambaye angetaka kulala mwezi mzima, alimtazama, akavaa sare, akamfuata. Walipofika Kawangware walisimama nje ya ua wa Wakarima, hawakukanyaga ndani kwa kuogopa kideri. Akatoka Wangoi, binti mkubwa, ana unga mikononi.

"Mama amekwenda Kiambu," alisema. "Lori lilikuja jana saa nne asubuhi."

"Ijumaa alikuja barabarani?"

"Alikungoja mpaka jua likawa kichwani. Akarudi akasema, angekuwa na kifaranga hata mmoja angekuja. Akasema, amenikimbia, hata kuniangalia hawezi."

Saadia akauliza njia ya kwenda kwenye kahawa.

Walitembea mpaka adhuhuri. Nyapara wa getini aliiona sare ya Murjan, akafungua. Wakarima alikuwa amekaa nje ya kibanda cha wafanyakazi, anapanga vitu vyake vichache kwenye sanduku la mbao. Alipomwona Saadia hakusimama.

"Umekuja kunipa pole," alisema.

"Nimekuja kukwambia. Ni mimi niliyaua. Mafuta ya mwili wangu yaliyaziba, na Ijumaa ile ya pili nilijua yanakufa nikakudanganya. Juzi sikuja kwa sababu nilikuwa nimeyafunga tumboni, nikamtuma mtu, akasahau." Akafungua leso. "Wamebaki wanne."

Vichwa vinne vya kahawia vikachungulia. Wakarima akanyoosha mkono, akamgusa mmoja mgongoni. Gumba lake lilikuwa jeusi kwa wino.

"Nimeshaweka kidole kwenye mkataba, Mama Hajara," alisema. "Jana. Miezi sita."

"Murjan atazungumza na mzungu! Amevaa sare, atamsikiliza."

"Kidole ni kidole. Nikitoka nafungwa." Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyapangusa. "Mimi Ijumaa sikulia kwa sababu ya kuku. Nilidhani nimepoteza wewe."

Saadia alipiga magoti mbele yake. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka kwenye mibuni. Wakarima akashika pembe za ile leso, akazirudisha juu ya vifaranga, akazikaza moja moja kama anayemfunga mtoto.

"Wafunike, wanapata baridi," alisema. "Na watoto wangu uwapitie, wewe. Usimtume mtu."